Kocha wa Raga Hapatikani kwa Filimbi Peke Yake

Mwezi Mei mwaka 1964 timu ya taifa ya Wales ilishuka Nairobi ikiwa njiani kwenda Afrika Kusini. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari yake ya kwanza ya mashindano nje ya Ulaya, na mchezo wa kwanza wa safari hiyo ulikuwa dhidi ya timu ya Afrika Mashariki. Siku zile raga katika nchi zetu ilikuwa bado mikononi mwa walowezi na maofisa wa Kizungu. Wananchi wengi waliutazama mpira ule wenye umbo la yai kwa mshangao, wakijiuliza ni starehe gani hiyo ya watu wazima kurundikana matopeni na kusukumana kama ng'ombe mlangoni mwa zizi. Wageni walishinda, wakaaga, wakapanda ndege.

Siku chache baadaye, mjini Durban, Afrika Kusini iliwachapa pointi 24 kwa 3. Msomaji wa leo aliyezoea pointi nyingi huenda asishtuke, lakini yafaa akumbuke kwamba wakati huo trai moja ilikuwa na pointi 3 tu. Kwa Wales, nchi ndogo ya wachimba makaa ya mawe ambayo huupenda mchezo huu kuliko michezo mingine yote, hilo lilikuwa pigo ambalo halikuwa limeonekana kwa miaka 40.

Viongozi wa chama chao waliporudi nyumbani wangaliweza kufanya lile lifanywalo na vyama vingi, yaani kumfukuza nahodha, kuwalaumu vijana kwa uvivu, kisha kusubiri msimu mwingine. Badala yake waliketi na kujiuliza swali moja rahisi: ni nani hasa anayewafundisha vijana hawa? Jibu lilikuwa kwamba hakuna. Kamati ilichagua majina, wachezaji wakakutana muda mfupi kabla ya mchezo, nahodha akasema maneno machache ya kutia moyo, nao wakaingia uwanjani. Kila mmoja alicheza kama alivyojaliwa.

Jambo hili halikuwa la Wales peke yake. Katika Visiva vya Uingereza vyote kocha alitazamwa kwa jicho la shaka. Raga ilikuwa mchezo wa ridhaa, na mabwana wakubwa waliokuwa wakiutawala waliona kwamba kumleta mtu wa kufundisha kwa utaratibu ni hatua ya kwanza ya kuleta fedha, na fedha ni hatua ya kwanza ya kuharibu tabia. England haikuwa na kocha wa taifa hadi mwaka 1969. Scotland ilipomteua wa kwake, mwaka 1971, ililiona neno kocha kuwa zito mno kutamkwa, ikampa cheo cha mshauri wa nahodha. Kwa hiyo Wales walipoamua, mwaka 1967, kumwajiri Ray Williams awe mratibu wa mafunzo ya ukocha kwa nchi nzima, walikuwa wakifanya jambo geni kabisa.

Ni muhimu kuielewa kazi aliyopewa bwana huyu, kwa maana ndiyo kiini cha habari yote. Williams hakuajiriwa kuichagua timu ya taifa wala kuisimamia. Aliajiriwa kuwafundisha wale watakaofundisha: walimu wa shule, makocha wa vilabu vya vijijini, wachezaji waliostaafu. Wengi wao walikuja wakidhani kwamba wanajua yote, kwa sababu walicheza miaka 15. Walichokuta ni kwamba kujua kucheza ni elimu moja, na kujua kumfanya mwingine acheze ni elimu nyingine.

Chukua mfano wa pasi, jambo ambalo kila mchezaji hudhani analijua. Katika ufundishaji ulioenea miaka ile, uwanja hugawanywa katika miraba midogo, yapata mita 10 kwa 10, na katika kila mraba huwekwa vijana wachache. Wawili wanashambulia, mmoja anazuia. Zoezi ni dogo, lakini lina mchezo mzima ndani yake. Mwenye mpira akitoa pasi mapema, yule mzuiaji huhama taratibu na kumkuta mwenzake. Akichelewa, huangushwa na mpira. Lazima amkimbilie mzuiaji, amlazimishe kumkabili yeye, kisha atoe pasi katika nukta ileile ambayo adui hawezi tena kugeuka. Nukta hiyo haiwezi kuelezwa kwa maneno. Hupatikana kwa kurudiarudia, na kwa kuwapo mtu pembeni anayejua atazame wapi.

Kocha mchanga huutazama mpira kwa kuwa mpira ndio unaovutia. Aliyekomaa humtazama mzuiaji, na hasa nyonga na miguu yake, kwa maana humo ndimo mnaonekana kama amenaswa au la. Kisha huwatazama wale wasio na mpira. Katika dakika 80 za mchezo, mchezaji mmoja huwa na mpira mkononi kwa muda mfupi sana. Muda uliobaki wote anakwenda mahali fulani, au hakwendi popote, na hapo ndipo michezo mingi inaposhindwa bila watazamaji kujua.

Katika nchi hiyohiyo aliishi mtu ambaye maisha yake yaonyesha kwa uwazi kuliko ya mwingine yeyote jinsi ujuzi huu unavyojengwa. Carwyn James alizaliwa mwaka 1929 katika kijiji cha Cefneithin, mwana wa mchimba makaa ya mawe. Alipoitwa katika utumishi wa lazima wa kijeshi, aliingia jeshi la wanamaji, na huko hakufunzwa bunduki zaidi kuliko alivyofunzwa lugha ya Kirusi. Baadaye akawa mwalimu wa lugha na fasihi ya Kiwelishi, mpenzi wa mashairi, mtu mpole mwenye sauti ya chini na sigara mkononi wakati wote. Kama mchezaji alikuwa stadi, ila aliichezea Wales mara mbili tu, mwaka 1958, kwa sababu nafasi yake ya nambari 10 ilikuwa imeshikwa na Cliff Morgan, mmoja wa mabingwa wa zama zile.

Michezo miwili! Kuna wachezaji wa vikosi vyetu wanaokataa kumsikiliza mwalimu kwa hoja kwamba yeye mwenyewe hakufika mbali uwanjani. Huyo aliyecheza mara mbili ndiye aliyepewa, mwaka 1971, kazi ya kuwa kocha wa Lions, timu ya pamoja ya England, Wales, Scotland na Ireland, katika safari ya New Zealand. Timu hiyo ilikuwa haijapata kushinda mfululizo wa michezo ya kimataifa katika nchi ile, na tangu wakati huo haijashinda tena mpaka hivi leo. Ilishinda mara moja tu, chini ya mwalimu wa mashairi.

Alifanyaje? Mambo mengi yamesemwa, lakini kwa anayetaka kujifunza ukocha yapo matatu yanayostahili kutazamwa kwa makini.

Kwanza, alijua mipaka ya elimu yake, na hakuona haya kuionyesha. James alikuwa mchezaji wa nyuma. Mambo ya skramu, yale ya watu wanane kushikana na kusukumana na wanane wenzao, hakuyajua kwa kina. Katika kikosi alikuwamo Ray McLoughlin wa Ireland, propu mwenye akili ya kuichambua skramu kama fundi anavyoichambua injini. James alimkabidhi kazi ya kuwafunza wachezaji wa mbele, naye akasikiliza kama mwanafunzi. McLoughlin alipovunjika kidole gumba katika mchezo mkali na Canterbury, akalazimika kurudi nyumbani, elimu yake ilikuwa tayari imeingia vichwani mwa wenzake. Wachezaji wa mbele waliosalia, wakiongozwa na Willie John McBride, hawakurudishwa nyuma.

Pili, aliisoma timu pinzani mtu mmoja mmoja. Katika mchezo wa kwanza, mjini Dunedin, nambari 10 wa Lions, Barry John, ambaye naye ni mwana wa kijiji kile kile cha Cefneithin, alimwekea mipira mlinzi wa nyuma wa New Zealand, Fergie McCormick, si mikononi bali kando yake: huku, kisha kule, kisha nyuma yake. McCormick alikuwa shujaa wa taifa lake. Jioni ile alikuwa amekimbizwa hata akaonekana mzee, na hakuichezea tena nchi yake. Lions walishinda 9 kwa 3.

Tatu, na hili ndilo kubwa, alijua namna ya kushindwa. Mchezo wa pili, huko Christchurch, New Zealand walishinda 22 kwa 12, na aliyewaumiza zaidi alikuwa nambari 9 wao, Sid Going, mtu mfupi mwenye nguvu aliyekuwa akichomoka kando ya skramu kama panya buku shimoni. Kocha mwingine angalirudi kambini na kuwakimbiza vijana hadi watapike, kwa hasira. James alikaa na wachezaji wake wakaulizana: mianya ilitoka wapi, na ni nani anayeweza kuiziba? Katika mchezo wa tatu akamwingiza Derek Quinnell, kijana mwenye mwili mkubwa ambaye hata Wales yenyewe ilikuwa haijamchagua, akampa kazi moja ya kumfuata Going popote atakapokwenda. Mchezo huo uliofanyika Wellington uliisha 13 kwa 3. Wa mwisho, Auckland, ukatoka sare ya 14 kwa 14, na Lions wakarudi nyumbani washindi.

Mwaka uliofuata, tarehe 31 Oktoba 1972, New Zealand walikuja Llanelli, mji mdogo wa viwanda vya mabati, kucheza na klabu iliyofundishwa na James huyo huyo. Wakashindwa tena, 9 kwa 3.

Haikuwa hadithi ya ushindi mtupu. Mwaka 1974 nafasi ya kocha wa taifa ilipokuwa wazi, James alitaka awe na kauli katika kuwachagua watu watakaochagua timu. Chama hakikukubali desturi yake ivunjwe, naye akaondoa jina lake. Wales ikapata kocha mwingine, John Dawes, ambaye alikuwa nahodha wa Lions mwaka 1971 na aliyeyaona yote kwa karibu. Naye akaishindia nchi mataji yote ya mwaka 1976 na ya 1978. James akaenda zake Italia, akaifundisha klabu ya Rovigo, ikatwaa ubingwa wa nchi ile mwaka 1979. Alifariki Januari 1983, akiwa na umri wa miaka 53, bila kuifundisha timu ya taifa lake hata mara moja. Chama chenye hekima ya kumwajiri Ray Williams kilikosa hekima ya kumtumia Carwyn James, na hilo nalo ni funzo kwa kamati zetu za michezo.

Sasa turejee katika kambi na vituo vya polisi. Huku kwetu kocha wa timu ya kikosi aghalabu ni mtu mwenye cheo: sajini, koplo, mkufunzi wa mazoezi ya viungo. Amezoea kutoa amri na kuona amri ikitekelezwa. Katika gwaride hilo ni jambo jema na la lazima. Katika raga lina kasoro moja ambayo wengi hawaioni mpaka siku ya mashindano.

Wakati wa mchezo kocha hana nafasi uwanjani. Kwa desturi ya raga hukaa mbali, jukwaani, na maamuzi hubaki mikononi mwa nahodha na wenzake. Penalti ikipatikana, ni nahodha anayeamua kama ni kupiga golini, kupiga nje au kuchukua skramu. Mchezaji aliyefunzwa kwa amri tupu husubiri amri, na amri haiji. Ndiyo maana makocha wajuzi huuliza zaidi kuliko wanavyoamuru. Hii si kwa ulegevu, wala si kwa kutaka kupendwa. Ni kwa sababu yule kijana hana budi kujifunza kuona mwenyewe.

Tofauti yaweza kusikika katika mazoezi ya jioni moja tu. Kijana anapoteza mpira. Kocha wa kwanza anapiga filimbi na kufoka: "Pasi! Mara ngapi nimesema pasi?" Kijana anajibu, "Ndiyo, Afande," na mara nyingine anatoa pasi hata pale isipotakiwa. Kocha wa pili anasimamisha zoezi, kila mmoja akabaki alipo. "Umeona nini, kijana?" "Nilimwona yule wa mbele yangu, Afande." "Na huyu wa kulia kwako?" Kijana anageuka, anamkuta mwenzake amesimama peke yake na uwanja mtupu mbele yake. Hakuna haja ya kuongeza neno. Filimbi inalia, zoezi linaendelea. Muda uliotumika ni ule ule, ila wa kwanza amefundisha woga na wa pili amefundisha macho.

Anayetaka kufika huko lazima awe na daftari. Kabla ya mazoezi huandika jambo moja au mawili anayotaka yabadilike siku hiyo, si kumi. Baada ya mazoezi huandika yaliyobadilika na yasiyobadilika, na pale yasipobadilika hujiuliza kwanza kama kosa ni la vijana au ni la zoezi lenyewe. Yafaa vilevile amwombe mwenzake amhesabie: katika saa moja, ni dakika ngapi vijana walikuwa wakicheza, na ni dakika ngapi walisimama wakimsikiliza? Wengi wanaohesabiwa kwa mara ya kwanza hupata aibu. Kozi nazo zipo. Shirika la raga la dunia lina mafunzo ya ukocha ya ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu, yanayoendeshwa kwa kushirikiana na vyama vya nchi. Cheti ni kitu kizuri kutundika ukutani, mradi mwenye cheti arudi uwanjani kesho yake na daftari lake.

Kuna upande ambao kocha hana ruhusa ya kujifunza kwa kubahatisha, nao ni usalama. Raga ni mchezo wa miili kugongana. Shingo na kichwa cha mtoto wa mtu vimo mikononi mwa kocha, na kila mzazi anayemruhusu kijana wake kucheza anayo haki ya kumwuliza kocha huyo anajua nini.

Kuangusha mtu hufundishwa kutoka chini kwenda juu. Vijana huanza wakiwa wamepiga magoti, kisha mmoja anatembea, kisha wote wanatembea, na mwisho ndipo wanakimbia. Bega ndilo linalogonga, mikono inazunguka na kufunga, na kichwa kinakaa kando, nyuma ya mapaja au kiuno cha anayeangushwa, kamwe si mbele yake. Macho wazi. Anayefumba macho hajui kichwa chake kinakwenda wapi. Kumkaba mtu juu ya mabega ni kosa kwa mujibu wa sheria, na kocha anayeshangilia kosa hilo kwa kuwa limemtisha adui hafai kupewa watoto.

Skramu nayo ina utaratibu wake. Tangu mwaka 2013 mwamuzi wa raga huziunganisha pande mbili kwa miito mitatu: chuchumaa, shika, ingia. Mgongo unyooke, kichwa na mabega visishuke chini ya nyonga, na kila mmoja amshike mwenzake barabara kabla ya kusukuma. Kwa vijana walio chini ya umri wa miaka 19, sheria hairuhusu kusukuma zaidi ya mita moja na nusu. Mchezaji asiyefunzwa kazi ya safu ya mbele asiwekwe huko ati kwa kuwa ni mnene na mwenzake hakuja.

Kuhusu kichwa kugongwa, kanuni ni moja nayo haina mjadala. Anayeshukiwa kuumia ubongo hutolewa uwanjani papo hapo, wala harudi siku hiyo hata akisema amepona. Si lazima awe amezirai. Akitembea kwa kuyumba, akisahau matokeo, akitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini, hiyo yatosha. Katika majeshi ambako ushujaa husifiwa, kanuni hii ni ngumu kutekelezwa. Askari atakuwa wa kwanza kusema, "Niko sawa, Afande." Hapo ndipo cheo cha kocha kina kazi ya halali kabisa: atoe amri, mchezaji atoke.

Kazi hiyo huendelea nyumbani. Mama au mke wa mchezaji aliyegongwa kichwa apewe habari kamili na kocha mwenyewe, si asikie kwa majirani. Mgonjwa asiachwe peke yake usiku ule, asipewe pombe, wala asiendeshe gari au pikipiki. Akitapika mara kwa mara, akilalamika kichwa kinazidi kuuma, akiwa mgumu kuamshwa, akianza kusema maneno yasiyoeleweka au akipata degedege, apelekwe hospitali bila kungoja kuche. Kurudi mchezoni ni hatua kwa hatua, kwa kauli ya mganga. Kwa mwanafunzi, masomo yatangulie mpira.

Katika mambo ya chakula hapana haja ya maajabu. Ugali au matoke, maharage, samaki au nyama pale inapopatikana, mboga za majani na maji ya kutosha, vyote viliwe saa chache kabla ya mchezo wala si dakika chache. Yule anayewauzia vijana unga wa makopo kwa bei ya mshahara wa wiki, kwa ahadi ya kuwapa misuli, atafutiwe kazi nyingine.

Kipimo kigumu kuliko vyote ni muda. Clive Woodward alikuwa mwanafunzi wa Jim Greenwood, mwalimu wa Kiskoti katika chuo cha Loughborough aliyeandika kitabu cha ukocha kiitwacho Total Rugby mwaka 1978. Akachukua timu ya England mwaka 1997. Mwaka uliofuata, mjini Brisbane, Australia iliwafunga pointi 76 kwa 0. Mwaka 1999 wakatolewa katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Ni wachache wangemwachia kazi. Waliomwachia walimwona akilichukua kombe hilo mwaka 2003, katika nchi ileile ya Australia na dhidi ya Australia, kwa pointi 20 kwa 17.

Jirani zetu wa Kenya nao wana mfano wao. Benjamin Ayimba aliichezea nchi yake na kuwa nahodha kabla ya kuwa kocha wa timu ya wachezaji saba kila upande. Mwaka 2009, huko Dubai, vijana wake waliitoa Fiji katika robo fainali ya Kombe la Dunia la wachezaji saba na kufika nusu fainali, ambako Argentina iliwazuia. Baadaye aliondoka, wengine wakaishika timu, kisha mwaka 2015 akarudishwa. Mwezi Aprili 2016, mjini Singapore, Kenya iliishinda Fiji 30 kwa 7 katika fainali na kutwaa kwa mara ya kwanza taji la mashindano ya mfululizo wa dunia. Ili msomaji apime uzito wa jambo hilo, Fiji hiyo hiyo ndiyo iliyotwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Rio miezi minne baadaye.

Ayimba alifariki Mei 2021 kwa malaria, ugonjwa ambao haukumheshimu bingwa. Miezi miwili tu baadaye timu ya Kenya iliingia uwanjani Tokyo kwa michezo ya Olimpiki. Kocha wake alikuwa Innocent Simiyu, mmoja wa vijana waliocheza chini ya Ayimba kule Dubai mwaka 2009.